Mistari Kumi na Tisa Juu ya Mlango wa Jiko

Yasawathi alikuwa na miaka sitini na minane aliposhika fimbo ya mumewe Karolis na kupanda basi la hija bila yeye. Kwa miaka ishirini basi hilo liliongozwa na Karolis. Yeye ndiye aliyechagua siku, akafunga vyungu kwenye keria, akakaa kiti cha mbele na kuanzisha beti za kumsifu Bwana Buddha kila kona iliyokuwa mbaya. Sasa kwenye kiti hicho alikaa Sunimal, mtoto wa shemeji yake, na redio iliimba nyimbo za harusi.

Karolis alifariki mwezi wa Januari. Juu ya mlango wa jiko lao aliacha mistari kumi na tisa ya mkaa, mmoja kwa kila mara aliyofika kilele cha mlima Sri Pada na kuusujudia unyayo mtakatifu wa Bwana Buddha. Huko kileleni kuna kengele, na kila mtu huipiga kwa idadi ya mara alizofika. Mgeni hupiga moja. Mwaka huu Karolis angepiga ishirini. Alikwisha kuiosha sarafu ya nadhiri kwa maji ya bizari ya manjano, akaifunga katika kitambaa cheupe na kuiweka mbele ya sanamu ya Buddha pale nyumbani, akangoja likizo ya mwezi wa nne. Likizo ilimkuta kaburini.

Yasawathi aliitia sarafu ile ndani ya blauzi yake. Hakumwambia mtu lililokuwa moyoni: angepanda yeye, na zote ishirini angempigia, hesabu ya mumewe isikatike.

Lakini kwanza palikuwa na likizo yenyewe, na matembezi ya siku nne. Kule Dambulla walizunguka mapango yote ya ibada, na Yasawathi akabaki nje kulinda ndala walizozivua watu. Kazi hiyo alikuwa akiifanya na Karolis kila mwaka, wakitafuna karanga na kubishana. Safari hii alizipanga mbili mbili, jozi thelathini na moja, kisha akajikuta anazipangua tena, anatafuta ndala za kahawia zenye kisigino kilichoshonwa kwa waya. Akazipanga upya haraka kabla hawajatoka.

Kwenye mwamba wa Sigiriya vijana walipanda kupiga picha, wakarudi wamebabuka kwa jua, wanacheka. Huko Polonnaruwa, mbele ya Buddha wa jiwe aliyelala, kila mtu aliweka ua lake la yungiyungi akaenda zake kivulini. Yasawathi alibaki akimtazama yule wa pembeni, aliyesimama mikono kifuani. Wazee husema ni Ananda, mwanafunzi wa Buddha, anamwomboleza bwana wake. Alitamani kumwambia mtu kwamba jiwe lile limesimama hivyo miaka mia nane na halijachoka. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Siku nne zilikuwa zimepita na hakuna aliyelitaja jina la Karolis. Walikuwa wanamhurumia, na huruma yao ilikuwa kunyamaza.

Siku ya tano walianza kupanda Sri Pada asubuhi, wote wamevaa nyeupe. Walipokea amri tano za Buddha kwa pamoja pale chini, mojawapo ikiwa kutosema uongo, kisha ngazi zikaanza. Ngazi za mlima ule hazina huruma. Kufika saa sita Yasawathi alikuwa akiiegemea fimbo kila ngazi.

"Sunimal, mwanangu, bado mbali?"

Kundi zima likapiga ukelele. Kwenye mlima ule hilo ndilo swali lisiloulizwa. Hata mtoto anajua.

"Mama wee!" jirani yake Somalatha alicheka, mkono kiunoni. "Mke wa kiongozi mzima ndiye anavunja mwiko! Karolis angekubebesha vyungu vyote mpaka juu!"

Halafu akajiziba mdomo. "Nisamehe, dada. Ulimi wangu hauna mlango."

"Usijizibe," Yasawathi alisema. "Sema tena."

Somalatha aliinamisha kichwa akatangulia.

Kwenye kibanda cha chai Yasawathi aliketi peke yake na kipande cha sukari guru. Alipakumbuka. Miaka kumi na miwili nyuma, mara yake pekee ya kujaribu kupanda, alizirai hapa hapa, na Karolis hakumwacha. Aliketi naye hadi wenzao waliposhuka. Waliporudi nyumbani alimwomba mumewe achore mstari hata hivyo, kwani ni nani angejua?

"Mlima hauhesabu nusu, Yasa," alimjibu, na mkaa akautupa jikoni.

Alimalizia chai, akainuka.

Alifika kileleni saa tisa alasiri, wa mwisho. Foleni ya kengele ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alipiga saba, na watu wote wakahesabu kwa sauti. Zamu yake ilipofika alivuta kamba.

"Moja!" watu waliitikia.

Akaishikilia kamba. Sunimal alimsogelea, akanong'ona, "Mama mkubwa, endelea tu. Mpigie baba mkubwa zote. Niliona sarafu imetoweka pale kwenye sanamu, nikajua. Nani atakukataza?"

Kumbe alikuwa anajua siku zote. Yasawathi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza safari nzima.

"Yeye angenikataza," alisema. "Hajafika mara ya ishirini, mwanangu. Aliyefika ni mimi."

Akaiachia kamba. Aliiweka sarafu mbele ya unyayo, akasujudu, akaomba thawabu ya kila ngazi aliyoipanda imwendee Karolis. Upepo ulipuliza. Watu walianza kushuka kwa furaha, naye akashuka nyuma yao.

Nyumbani alichemsha chai, akamimina vikombe viwili, kimoja akakimimina tena kwenye birika. Kisha alichukua kipande cha mkaa. Karolis alikuwa mrefu. Mistari yake ilikuwa juu kabisa, na kiti cha kupandia kilikuwepo. Hakukivuta. Alichora mstari wake mmoja pale mkono ulipofika, kwenye mwimo wa mlango. Kati ya mstari huo na ile kumi na tisa palibaki ukuta mtupu, wa kijivu kwa moshi.