Polaris niliyoipata Malinya nikipiga picha za nyota

Wakuu, natumai mko salama humu ndani. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha ulivyo na siongezi chumvi, maana hata bila chumvi umenikaa kooni.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kakamega. Kibanda changu kiko Shieywe, kulala ni Amalemba. Hobby yangu majirani wanaiona ni wazimu: napiga picha za nyota. Nina darubini ndogo ya mtumba, na kamera naifunga nyuma yake pale mtu angeweka jicho.

Kwa wasiojua, hii kazi si ya kulenga na kubonyeza.

Nyota zinatembea. Ukiacha kamera wazi dakika mbili tu, kila nyota inatoka na mkia. Kwa hivyo darubini inakaa juu ya mount, yaani shingo yenye mota inayoizungusha polepole ikifuata anga. Na shingo hiyo lazima kwanza uielekeze kaskazini kabisa, kwenye nyota inaitwa Polaris. Hiyo ndiyo haitembei, zingine zote zinaizunguka.

Shida yetu sasa. Mashine hizi zilitengenezewa watu wa Ulaya, ambao Polaris yao iko juu angani. Sisi ikweta iko hapo tu, kwa hivyo yetu imelala chini kabisa, pale mbingu inapogusa vilima. Miti inaificha, vumbi linaificha. Miaka mitatu nina darubini na sikuwa nimewahi kuiona hata siku moja. Nilikuwa nalenga kwa dira ya simu na kubahatisha.

Halafu kuna unyevu. Kakamega ukiacha lens kwenye begi wiki mbili inaota kuvu kama mkate. Yangu naiweka kwenye ndoo yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Siifuti kwa shati hata iwe na vumbi namna gani, naipuliza kwa kile kipulizio cha mpira cha kusafishia simu. Mke wangu husema ndoo hiyo inatunzwa kuliko yeye.

Tuendelee.

Mjini taa zimezidi. Januari hii anga likiwa safi nikabeba vyombo vyangu Ijumaa moja nikaenda Malinya kwa Senje, dada yake marehemu baba. Anaishi peke yake na fahali wa kupigana ambaye anampenda kuliko sisi wote. Mbele ya boma kuna bonde, na ng'ambo ya bonde, upande wa kaskazini, kuna kilima chenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Wachimbaji wengi walishahama pale.

Nikamwomba kitu kimoja. Usiku asiwashe taa ya nje, na asitoke na tochi, maana mwanga kidogo tu unaharibu picha.

"Na fahali yangu nitaangalia aje? Mimi hutokanga saa tatu kila siku."

Nikamwambia fahali nitamwangalia mimi.

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema huku akicheka. Akaingia, akafunga mlango na madirisha.

Giza lilipoingia nikatoa dira, nikatazama kaskazini. Na pale chini, katikati ya mikaratusi miwili, juu kidogo ya mstari wa kilima, kulikuwa na nyota moja. Ya manjano kidogo. Imetulia.

Wakuu, nilicheza peke yangu pale uani kama mtu ameshinda kesi.

Lakini mimi ni fundi, siamini kitu bila kukipima. Nikaweka kamera bila mota, nikaiacha wazi dakika kumi. Picha ikatoka na nyota zote zimechora mikia, zote kabisa, isipokuwa ile moja. Imekaa kama msumari. Nikaihifadhi picha nikaipa jina "Polaris". Nikailengea mount yangu hapo.

Sasa cha kushangaza, picha zikaendelea kutoka na mikia. Nikakaza skrubu, nikafungua mota, nikalaumu mota. Hadi saa nane usiku nilikuwa napigana na mashine, na ile nyota ikinitazama tu.

Kitu kingine kilichonisumbua ni fahali. Alikataa kulala. Usiku kucha alisimama ameelekea kilimani, masikio mbele, hatafuni wala hapigi mkia. Nilimwita kwa jina akakataa hata kugeuka. Nikahamisha kiti changu nikampa mgongo, maana nilianza kuogopa.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Senje kwa furaha kwamba nimeipata ile nyota isiyotembea. Akaniambia ni vizuri, akanipa chai.

Jumamosi usiku ilikuwa hapohapo, ila imefifia. Rangi imekuwa nyekundu, kama kaa linalozimika. Nikajiambia ni moshi wa watu wanaochoma mashamba. Lakini nyota zilizokuwa karibu nayo ziling'aa vilevile.

Nikatoa kamera, nikaweka kioo cha jicho, nikachungulia. Nyota zote mbinguni ziko mbali mno, kwa hivyo ukishapata fokasi ya moja umepata ya zote. Hii ikakataa, ikabaki ukungu tu. Nikazungusha kitasa, nikazungusha tena, nikapita mahali ambapo nyota yoyote inapaswa kuwa.

Ndipo ikapata umbo.

Ilikuwa kitu kidogo cha duara chenye mwanga. Pembeni yake kulikuwa na kamba. Kamba ile haikuning'inia kuja chini. Ilipanda kwenda juu, imenyooka, ikaishia kwenye weusi. Halafu upepo ukapita, na ile nyota ikabembea.

Najua darubini yangu inageuza kila kitu juu chini. Nimeitumia miaka mitatu. Lakini dakika ile kichwa kilisahau kila kitu, nikabaki nimeona kamba inatoka kwenye nyota inakwenda mbinguni. Nilikimbilia mlango wa Senje nikaugonga kama mtoto.

Akatoka amejifunga leso. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuhitaji darubini.

"Hiyo si nyota. Hiyo ni taa ya Shivachi." Akaongeza, "Hutundikanga hapo kwa shimo akiingia. Akitoka anabebanga."

Halafu akaniuliza polepole, "Imewaka kutoka lini?"

Hakungoja jibu. Alipiga ukemi ambao sitausahau, na bonde zima likaanza kufungua milango.

Shimo lile linatazama boma la Senje peke yake. Mikaratusi inalifunga pande zote mbili, na nyumba ya Shivachi mwenyewe iko nyuma ya kilima. Mkewe, Muhonja, alidhani amekwenda Mumias kukata miwa kama alivyokuwa amesema. Alikuwa amerudi kwenye shimo lake la zamani bila kumwambia mtu.

Tulipofika taa ilikuwa imebaki nukta. Kamba ilishuka ndani ya shimo mita chache, ikaingia kwenye udongo uliomwagika. Tulichimba hadi Jumapili saa nne asubuhi.

Udongo haukuwa umemfunika. Alikuwa amekaa kwenye nafasi ndogo nyuma ya udongo ule, ameegemea ukuta, hewa imemwishia, amekufa. Kando yake kulikuwa na chupa ya maji, tupu. Na mkate. Alikuwa ameukata vipande vidogo vidogo akavipanga juu ya jiwe, na vilivyobaki vilikuwa vitano.

Mtu wa kufa mara moja hapangi mkate, wakuu. Alikuwa anangoja. Ijumaa usiku alikuwa anangoja, na mimi nilikuwa ng'ambo nimemfungia ndani mtu wa pekee ambaye angetoka saa tatu akaiona taa yake.

Siku ya mazishi Muhonja alinijia mbele ya Senje. Akanishukuru kwanza. Halafu akauliza, "Wewe uliona hiyo taa siku gani?"

Nikasema Jumamosi.

Akafumba macho. "Basi Ijumaa hakuna mtu angejua," akasema. "Sasa nitalala." Senje aliangalia chini, na mpaka leo hajanigusia habari hiyo.

Funzo langu ni hili. Ukienda na mashine yako mahali pa watu, muulize mwenyeji kabla ya kukipa kitu jina. Nilikuwa na dira, kamera na kipimo cha dakika kumi, na mama ambaye hajawahi kuchungulia darubini aliijua taa ile kwa kutupa jicho mara moja. Ujuzi wangu ulinifanya mjinga, nasema wazi.

Ila sijaandika kwa ajili ya funzo.

Jana Muhonja alinipigia simu. Amesikia kwamba nilipiga picha usiku ule, anataka ile yenye taa, aitundike ukutani. Anasema taa ile ndiyo kitu cha mwisho mume wake alikiweka kwa mkono wake. Jumamosi sikuipiga hata moja. Iliyopo ni ya Ijumaa, saa mbili na dakika kumi usiku, na tarehe imeandikwa ndani yake.

Kubadilisha tarehe ya picha kwangu ni kazi ya dakika moja.

Anakuja kibandani kesho asubuhi. Nishaurini, wakuu, hata kwa matusi nitasoma.