Maneno Ambayo Sikuyasikia

Alikuwa mvuvi wa Makobola, na mke wake ndiye aliyemleta kwetu hospitalini kwa pikipiki. Donda koo lilikuwa limemvimbisha shingo hadi hewa ikawa inapita kwa shida. Daktari akasema tumtoboe koo mara moja, tumwekee mrija wa kupumulia. Kwa kuwa ugonjwa huo unaambukiza, tuliingia watatu tu: daktari, mtu wa ganzi, na mimi muuguzi. Mke wake alibaki nje.

Nilikuwa nimevaa barakoa mbili, miwani, na kofia iliyofunika masikio. Nilipomshika kichwa, alifungua macho akaniambia maneno kama matatu hivi. Sikuyasikia. Tulikuwa tumekatazwa kuinamia mdomo wa mgonjwa, kwa hiyo sikuinama.

"Baba, utaniambia baadaye," nilimjibu, huku nikijua kwamba akishawekewa mrija sauti haitatoka.

Kabla ya kulifungua koo, daktari aliagiza oksijeni aliyokuwa akipewa ifungwe, ili pumzi isiturukie usoni. Kazi ilikwenda vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeugua. Yeye, moyo wake ulishindwa siku ya tatu, akafariki.

Mke wake alinikuta nikinawa mikono.

"Dada, weye ulikuwa karibu yake. Alisema nini?"

"Alisema, mama, lakini sikusikia."

Akauliza kama angalau mumewe alisema kwa upole.

Nikamwambia ndiyo. Hilo nililiona machoni pa mumewe.