Mifuko Niliyoishonea Miti

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule mjini Nakuru, na katika miaka yangu yote ya kupanga nyumba nimekuwa mtu wa kuacha miti nyuma. Nyumba ya kwanza niliacha mpapai ukiwa ndio umeanza kuzaa. Ya pili niliacha mparachichi uliokuwa umefika dirishani. Ya tatu sikupanda chochote kwa hasira. Kwa hiyo nilipohamia Lanet, kwenye nyumba yenye kiwanja kidogo cha udongo nyuma ya jikoni, niliamua kwamba safari hii nikitoka natoka na miti yangu.

Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanaopanda matunda ndani ya vyungu vya kitambaa. Wenzangu wangelazimika kuvinunua. Mimi nina cherehani. Nilitafuta kile kitambaa kizito cha kijivu kinachotandikwa chini ya mazulia, kinachopitisha maji na hewa, nikashona mifuko minne mikubwa yenye tako la mviringo. Kila mshono niliupitia mara mbili. Kando nikatia vishikio vya mikanda ya gari kuukuu. Mfuko mmoja nikaweka mlimau, mwingine mpera, mwingine mchenza, na wa mwisho mparachichi wa kupandikizwa. Nikaipanga mstari mmoja juu ya udongo, nikaridhika sana.

Mwaka mzima miti hiyo haikuongezeka hata kiganja. Mifuko ilikuwa inakauka haraka kuliko nilivyoweza kumwagilia. Udongo wetu ni mwepesi kama jivu, upepo wa mchana hauna huruma, na maji ya mfereji yalikuja yalipotaka. Nilipotumia ya kisima, yakaacha ukoko mweupe wa chumvi kwenye kitambaa. Lakini mtu akiuliza, nilisema miti ya namna hii inajenga mizizi kwanza.

Ndipo mama yangu akaja. Yeye ni mkulima wa viazi kule Kuresoi, na alikuja kwangu kukaa miezi miwili kwa sababu ya magoti, ili awe karibu na kliniki. Asubuhi ya kwanza alizunguka mifuko yangu akiwa amefunga mikono mgongoni, akaniuliza miti hii ilikuwa imekosa nini. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba mzizi ukifika kwenye kitambaa unakutana na hewa, unasimama, kisha unatoa vijizizi vingine vingi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema nimesoma. Akasema sawa, na mama yangu akisema sawa, ujue hajakubali.

Kutoka siku hiyo hakuacha kunichokoza. Aliisalimia miti na kuipa pole nikiwa nasikia. Alimwambia jirani kwamba binti yake amekosa wateja mpaka anashonea miti suruali. Mimi nilikuwa natoka asubuhi na mapema kwenda dukani na kurudi nimechoka, sina nguvu za kubishana na mtu wa miaka sabini kuhusu mizizi. Miezi miwili ikaisha, dawa zikamsaidia kidogo, akarudi kwake.

Mvua za masika zilipoanza, miti yangu ilifumuka. Sijui niseme vipi. Mpera ulipita kichwa changu. Mlimau ulitoa maua, kisha malimau yenyewe, makubwa na yenye maji mengi. Nilipiga picha kila Jumapili. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kuona, nikawasimamisha mbele ya mifuko na kuwafundisha mambo ya hewa na mizizi kama mwalimu. Watatu kati yao waliniomba niwashonee. Nikawashonea. Miti yao ilipodumaa, walinijia mmoja mmoja, nami nikawaambia tatizo ni wao, hawamwagilii, hawana bidii. Mmoja aliniomba radhi nilipomwambia hivyo, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naona aibu.

Halafu mwenye nyumba akatuarifu kwamba tuhame, anataka kujenga gorofa. Wapangaji wenzangu walilia. Mimi nilikuwa mtulivu kabisa. Niliwaambia ndiyo maana ya kupanga mapema.

Siku ya kuhama, pikapu ilikuja na wanaume wawili wa kubeba. Nikawaambia tuanze na miti. Mmoja akashika vishikio vya mlimau, akavuta. Akavuta tena.

"Mathe, hii imeshikwa na kitu," akasema.

Nikamwambia atumie nguvu. Akamwita mwenzake, wakavuta pamoja, na mfuko ukapanda juu kama mtu anayevuliwa sketi, udongo ukamwagika kila upande, na mlimau ukabaki umesimama palepale.

Nilipiga magoti nikaangalia. Tako la mfuko halikuwepo. Halikuwa limeoza wala kuchanika. Mshono wangu ulikuwa umefumuliwa kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kugusa kitambaa, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akifumua nguo zetu za utotoni ili azishone upya. Chini yake mzizi mnene ulikuwa umeingia ardhini moja kwa moja. Nikaangalia mpera. Nikaangalia mchenza na mparachichi. Yote ilikuwa hivyohivyo.

Nilimpigia simu pale pale, wale wanaume wakiwa wamesimama.

"Mama, ulifumua mifuko yangu?"

"Ile ya miti?"

"Ile ya miti."

"Nilikuwa nafanya mmoja kwa wiki, ukishaenda dukani. Nisingeweza zaidi, kwa sababu ya magoti."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa," akasema. "Na mti ulikuwa unakufa na kiu, udongo uko hapo chini yake. Sasa ule wa limau ulizaa?"

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mama yangu simu kabla ya siku hiyo. Magoti nilikuwa nimeyapeleka kliniki kila wiki, nikimwekea mto, nikimkataza hata kuosha sufuria, na kumbe mchana alikuwa anainamisha miti kwenye udongo na kukaa chini kufumua.

Vyombo vilienda, miti ikabaki. Mwenye nyumba alisema naweza kuja kuichukua mpaka mafundi wake waanze kusafisha kiwanja. Baada ya siku nne, bila kualikwa, mama alifika kutoka Kuresoi na jembe lake limefungwa kwenye gunia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunielekeza. Chimba mbali na shina. Usikate huo. Kata huo mwingine. Punguza matawi kwanza. Tuligombana tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa kali, na mara moja nilimwambia kama anajua sana aje achimbe mwenyewe. Akainuka kweli, ikabidi nimrudishe kwenye ndoo.

Mchenza ulikatika mzizi mkuu mikononi mwangu. Mparachichi tuliutoa mzima lakini ulikauka kabla ya wiki kuisha. Mpera na mlimau tulifanikiwa, tukaifunga mizizi kwa gunia lake lenye maji, na hata hivyo mlimau ulipukutisha kila jani ulilokuwa nalo.

Kazi iliyonilemea zaidi ilikuwa kwenda kwa wale akina mama watatu. Nilienda nyumba kwa nyumba nikawaambia ukweli, kwamba miti yangu ilikuwa imekula ardhini muda wote niliokuwa nawalaumu. Wawili walicheka mpaka nikacheka nao. Yule aliyeniomba radhi hakucheka. Alisema mti wake alishautupa zamani, ila mfuko ameuweka chumbani, anatilia nguo chafu, na akausifu kwamba umeshonwa vizuri.

Sasa naishi gorofa ya tatu. Mpera uko barazani kwenye mfuko mpya, mfupi kuliko ulivyokuwa, na namwagilia asubuhi na jioni kama mtu mwenye mtoto mchanga. Mlimau umerudisha majani machache. Mama anapiga simu kila Jumapili na anataka niupeleke kwake Kuresoi ukapandwe ardhini. Nimemwambia kule kuna baridi ya kuua mlimau. Anajibu kwamba atautafutia mahali nyuma ya jiko, halafu ananieleza kwa kirefu jinsi umande wa baridi ulivyochoma viazi vyake vyote vya upande wa chini.