Maharagwe Elfu Moja ya Mwaka wa Tatu

Waliokuwa pale njo hawa. Mimi mwenyewe, koko wa watoto wawili. Koko njo vile watoto wa kwetu Masisi wanamuita nyanya yao. Mujukuu wangu wa kike, mutoto wa kwanza wa binti yangu wa tatu, miaka kenda, njo tisa, mwaka wa tatu wa masomo ya musingi. Mudogo wake wa kiume, miaka saba, mwaka wa pili, mwenye mudomo kuliko wote. Jirani yangu, mama ambaye shamba lake na langu yanatengwa na musitari wa matete tu, na tulibatizwa siku moja. Na mwalimu wa mwaka wa tatu, kijana wa kutoka Mpofi, kule Walikale, asiyekuwa ndugu yetu kwa njia yoyote isipokuwa kwamba alikula kwangu. Kuku mumoja alikuwa pale pia, lakini yeye alishitakiwa bure; nitafika huko.

Majina yao yote niko nayo. Niko na majina ya watoto makumi tano na tatu wa darasa ile, ya mama zao, na ya mbuzi za wale wenye mbuzi. Sitayaandika, sababu wote ni wazima na wako na miguu ya kuja kuniuliza.

Watoto hawa wawili wanaishi kwangu hapa juu ya Nyabiondo, sababu mama yao na baba yao wanalima mbali, Kibabi, na masomo, njo shule, iko karibu na nyumba yangu. Mimi nilisoma miaka mbili tu. Ninaandika polepole, sawa muntu anayevuka mutoni kwa mawe, lakini ninavuka.

Masomo ilipoanza, mwalimu aliita wazazi wote. Tulikaa kwa banc za watoto, magoti mu kidevu. Kijana alikuwa amevaa shati nyeupe, kalamu tatu mu mufuko, na masharti kumi aliyaandika kwa tablo, ubao mweusi wa darasa. Akayasoma moja moja na kijiti mukononi, sisi wazee tukiitikia sawa mu ibada. Mutoto aamuke na anawe uso. Mutoto asikuje na panga. Kila mangaribi, mbele giza haijaingia, mutoto akae na mukubwa, afanye devoir, ile kazi ya masomo ya kufanyia nyumbani, na mukubwa atie sinyatiri, alama ya mukono wake, mu kaye, njo daftari. Devoir ifanywe na mutoto mwenyewe. Ile ya kufanywa na muntu mwingine ni sawa na ile isiyofanywa. Kiisha akafika kwa ya kumi, akapiga tablo mara mbili.

"Devoir moja ikikosa, ninaweka musalaba mwekundu mu kaye. Misalaba tatu, mutoto anashuka darasa ya nyuma. Hakuna kisingizio. Sitaki kusikia mbuzi, sitaki kusikia mvua."

Mama mumoja nyuma akauliza: "Na mbuzi ikikula kaye kweli?"

"Mama, nimesema sitaki kusikia mbuzi."

Mimi nikachora sinyatiri yangu kwa karatasi yake: jembe ndogo, mupini na chuma chake. Akaiangalia, akasema ni nzuri kuliko ya direkteri, mukubwa wa masomo. Njo nikaanza kumupenda, na njo pale matatizo ilianza, sababu muntu ukimupenda unataka umusaidie.

Musalaba wa kwanza ulikuwa wangu. Siku hiyo nilimuambia mutoto aache kaye kwanza, akuje tumalizie musitari wa mwisho wa shamba. Musitari ule wa mwisho ulizaa mingine ine. Giza ikatukuta huko.

Musalaba wa pili pia ulikuwa wangu. Waliambiwa wachore munyama wa nyumbani. Mutoto akachora kitu chenye miguu tano. Mimi nikaona huruma, nikamuambia lete kalamu. Nilichora mbuzi ambayo, nikisema kweli, ilikuwa imebakia kulia tu. Kesho yake kaye ikarudi na musalaba, na mutoto akanisomea kile mwalimu aliandika chini: "Mbuzi huyu ni mwenye mimba ya miezi ine. Mutoto wa miaka kenda hajui kuchora hivi."

"Miezi ine?" nikasema. "Ni mitatu. Hajui mbuzi."

Mutoto hakucheka. Sababu sasa ilibakia musalaba mumoja tu, na darasa ya nyuma njo ile ya mudogo wake. Na mudogo wake, mutoto wa mudomo, alikuwa ameisha kuanza.

"Dada, nimekuwekea nafasi kwa banc. Pembeni yangu, pale panavuja. Nitakuonyesha vile tunasoma. Tunaanza na 'ba'."

"Nyamaza."

"Usiogope. 'Ba' si kitu cha nguvu."

Usiku ule msichana hakukula vizuri. Asubuhi akaniambia, akiangalia chini: "Koko, nakuomba kitu kimoja. Usinisaidie tena." Nikamuahidi mbele ya Mungu.

Siku ya tano ya juma, njo Ijumaa, wakapewa devoir ya Jumatatu: kila mutoto alete maharagwe elfu moja, mafungo kumi ya mia mia, na aje aonyeshe kwamba anajua hesabu yake. Mawe hapana, sababu mwaka uliopita watoto walileta mawe, wakaonyeshana hesabu kwa kutupiana. Mutoto wangu akaenda kwa tantine yake, njo shangazi, ku ngambo ya mutoni, akapewa vikombe viwili vya maharagwe. Sikujua. Alikuwa ameniahidisha nisimusaidie, basi na yeye akakaa kimya. Akahesabu nyuma ya nyumba, akafunga kila mia mu jani la mugomba, akafunga na kamba ya mugomba, akapanga mafungo kumi juu ya kichanja cha moshi mu jikoni, pale ninawekaka mbegu. Aliona hapo njo pa usalama, panya hafiki.

Siku ya posho asubuhi, njo Jumamosi, mutoto akaenda kwa korali, waimbaji wa kanisa. Mimi nikaenda shamba. Ilikuwa majira ya kupanda: maharagwe yote ya kwangu ilikuwa mu udongo, mu nyumba hakukuwa hata moja ya kutia mu jicho. Jirani yangu alikuwa ameniahidi tangu juma mbili kwamba ataniletea kidogo. Nikarudia nyumba saa tano, nikainua macho kwa kichanja, nikaona mafungo kumi, yote sawa, yamepangwa sawa watoto wa korali.

Nikasema: "Mungu, asante. Jirani amekumbuka."

Na kweli nilishangaa kidogo. Yule mama hajawahi kufunga kitu vizuri tangu tubatizwe. Lakini muntu anaweza kubadilika.

Pale pale nikasikia hodi. Mwalimu! Shati nyeupe, viatu vyenye udongo, kaye mu kwapa. Alikuwa anatembelea wazazi wa watoto wenye misalaba mbili. Sasa huku kwetu mugeni haachiliwi aende na njaa, na mwalimu wa kutoka mbali, asiyekuwa na mama hapa wa kumupikia, hata zaidi. Nikamukalisha, nikawasha moto, nikafungua mafungo yote kumi mu lungo. Nikachambua maharagwe vile nafanyaka siku zote: ya kuoza pembeni, ya kutobolewa na vidudu pembeni, ya kukunjamana pembeni. Hizo mbaya nikazitia mu kikombe cha kuvunjika mushikio, nikasema nitatupa kiisha. Majani yale ya mafungo nikayatia mu moto.

Tulizungumuza muda wote maharagwe ikichemuka, na inachemuka muda murefu, basi tulizungumuza sana. Kiisha nikatia mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, na bugali pembeni. Jirani akasikia harufu, akafika na kisahani chake. Mudogo wa kiume akatoka sijui wapi.

"Dada," nikamuambia jirani mbele ya mugeni, "asante kwa maharagwe."

Akaangalia chungu. Akaangalia mwalimu.

"Si kitu, dada," akasema. "Ni kidogo tu."

Nakumbuka vile alisema. Hakugeuka hata rangi.

Mwalimu akakula sahani ya kwanza bila neno. Kwa ya pili akasema maharagwe ya hivi hajakula tangu aache Mpofi. Akaifuta na bugali mpaka sahani ikangaa. Kiisha akafungua kaye.

"Koko, mimi nakupenda. Lakini sheria ni sheria. Jumatatu mutoto asipoleta devoir, anashuka."

"Ataleta," nikasema. "Safari hii sitatia mukono."

Akaenda zake, anashika tumbo kwa furaha. Mutoto wa korali akaingia akiimba. Akapita jikoni. Uimbaji ukakatika.

"Koko. Mafungo yangu iko wapi?"

"Mafungo gani?"

"Kumi. Juu ya kichanja. Devoir yangu."

Nikaangalia jirani. Jirani akaangalia mulango. Mudogo, mudomo ungali na mafuta, akauliza: "Ile tuliyokula?"

Wakubwa tuko watu wabaya tukiogopa. Kuku alikuwa anapita. Nikasema: "Kuku!" Nikamuonyesha kidole. Kuku akasimama na mguu mumoja juu, akinitazama. Mutoto akatazama kuku, akatazama chungu, akatazama sahani ya mwalimu.

"Kuku amepika hata bugali?"

Nikakaa chini. Nikamuambia yote. Jirani naye akaungama: maharagwe yake ilikuwa imekwisha zamani. "Lakini dada," akasema, "muntu akikupa asante mbele ya mugeni utaikataa namna gani?" Mbegu zote za mulima zilikuwa ardhini, tantine alimupa ya mwisho, na Jumapili hakuna soko. Mudogo akaanza polepole: "Ba, be, bi…" Nikamupiga kwa macho.

Mutoto hakulia. Nilitaka alie, ingekuwa vizuri kwangu. Aliokota kikombe cha kuvunjika mushikio kilichokuwa pembeni ya lungo, na zile mbaya ndani, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Nikafikiri anaenda kutupa. Nikafikiri: maskini, anafanya usafi.

Jumatatu nikavaa kitenge changu cha Paska, nikamufuata ku masomo. Nilikuwa nimejiambia: musalaba wa tatu ni wangu, nitausema mwenyewe. Tukasimama mbele ya darasa. Watoto makumi tano na wawili walikuwa na mafungo yao kwa banc. Wangu alikuwa na kikombe.

"Devoir?" mwalimu akauliza.

Nikafungua mudomo. "Mwalimu, devoir ya huyu mutoto… uliikula."

Mutoto mumoja nyuma akaanza kucheka, na darasa yote ikaanguka. Mwalimu akapiga meza. Shati yake ilikuwa nyeupe, lakini shingo ilikuwa sawa mafuta ya ngazi.

"Koko, nilisema hakuna kisingizio."

"Si kisingizio. Ni sahani mbili."

Njo pale mujukuu wangu akaweka kikombe juu ya meza, akasema kwa sauti ile ya korali: "Mwalimu, nilihesabu elfu moja. Koko akichambua, anatoa mbaya. Mbaya iko hapa, nimehesabu mara tatu: makumi tatu na saba. Basi mulizokula ni mia kenda makumi sita na tatu."

Mwalimu akakamata kikombe. Akamwaga yote juu ya meza, akahesabu yeye mwenyewe, moja moja, mbele ya watoto, na mudomo wake ukitembea. Makumi tatu na saba. Akageuka kwa tablo, akaandika elfu moja, chini yake makumi tatu na saba, akapiga musitari. Akasimama na kijiti cha chaki juu.

"Leo," akasema, "nilitaka kuwafundisha kutoa kwa kukopa. Hesabu ya nguvu. Nilipanga juma nzima." Akanigeukia. "Nani alimuonyesha?"

"Mimi hapana! Mimi najua kutoa zile mbaya tu."

Akaandika mu kaye na kalamu nyekundu. Mutoto akasoma, akaanza kucheka, akanisomea: "Imefanywa. Niliionja mwenyewe." Mwalimu akaniita nitie sinyatiri chini. Nikachora jembe nikicheka, ikatoka sawa jembe ya kupinda.

Tangu ile siku kuna sharti la kumi na moja kwa tablo: devoir isiwe kitu cha kupika. Siku hizi wanahesabu vifuniko vya chupa. Mujukuu wangu yuko mwaka wa ine. Mudogo wake yuko mwaka wa tatu, na juzi alirudi na musalaba mumoja. Dada yake akamuambia asiogope, atamuonyesha "ba". Mimi kila mangaribi nakaa pembeni yao na mikono chini ya kitenge, vile niliahidi. Na mbele ya kupika kitu, nauliza nyumba yote: "Hii ni ya nani?"

Pengine nimekosea mahali. Labda mbaya ilikuwa makumi tatu na nane, ao mwalimu alivaa shati ya bluu. Kama mulikuwa pale, ao mama yenu aliwaelezea, mukuje munisahihishe. Mulango wangu munaujua, na chungu haikosi juu ya moto. Jirani yangu yeye akuje na maharagwe mukononi kwanza, njo nitasikiliza. Na mwalimu, akitaka kusema ilikuwa sahani moja, akae kwao Mpofi.