Wimbo wa Matoleo

Mpiga kinanda wa kanisa moja la Kanyosha hupuliza vidole vyake kabla ya kugusa kinanda, kana kwamba vimetoka motoni. Kucha zake ni safi kama za muuguzi, na sauti yake ni ndogo, lazima umsogelee ndipo umsikie. Waumini wanapopita mbele yake kupeleka matoleo, hupiga muziki laini ambao wamama hudhani ni wa misa za zamani. Msichana mmoja tu, Orlane, ndiye anayeujua: umetoka kwenye anime, zile katuni za Kijapani anazotazama kwenye simu. Siku alipomuuliza, yule bwana alimtajia watunzi wake mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo wake. “Mi sichaguake, dada,” akasema. “Vidole ndo vinachaguaka.”

Lakini upo wimbo ambao kwenye anime husikika mtu anapokaribia kufa. Aliupiga wakati mzee wa kanisa anapita. Wiki hiyohiyo wakamzika. Akaupiga tena wakati muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anapita, naye wakamzika. Leo mama yake Orlane ameinuka tu na bahasha yake, wimbo uleule ukaanza. Orlane akamkamata mkono, akamkalisha.

“We mutoto, uko na nini?”

“Bakia hapa, mama. Mi nitapeleka.”

Akaichukua bahasha, akaenda mbele haraka, moyo umetulia kwa kuwa mama hajapita. Alipofika mbele ya kinanda, wimbo ulikuwa haujakoma. Mpiga kinanda alimtazama kwa huruma, vidole vikiendelea.