Makaratasi ya Tirza Niliyoyazika

Tirza Amedi alikaa chumba changu cha nyuma miaka sita, hapa Nahlaot, Yerusalemu, na chai yake ilipoa mezani kila siku. Alikuwa mwembamba, mwendo wake wa haraka kama mtu anayeachwa na basi. Alikuwa na shahada kubwa ya chuo kikuu, ile ya kuitwa daktari bila kutibu mtu. Kazi ya kudumu hakuwa nayo. Chuo kilimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka 1979 mkuu wa idara alimwambia kwamba huo ndio wa mwisho.

Ilibaki njia moja tu. Palikuwa na tuzo ya insha kwa wasomi wachanga wa mambo ya Wayahudi, ambao hawajapitisha miaka saba tangu wapate shahada. Tirza alikuwa kwenye mwaka wa saba. Insha ya mshindi ilichapishwa, na idara isingethubutu kumwacha mshindi aende zake.

"Mama Hatun, nikiikosa hii, ndiyo basi," aliniambia. "Nitaenda kufundisha watoto herufi za alef na bet."

"Mimi nilifundishwa hizo hizo miaka minne," nikamjibu, "na mpaka leo hakuna aliyenidanganya kwenye kusoma."

Akacheka. Sikumbuki kumwona akicheka tena.

Insha ilihusu maombolezo ya mama zetu, Wayahudi wa Kikurdi, yaliyoandikwa kwenye daftari la bibi mmoja wa Ashkeloni. Bibi hakukubali daftari litoke nyumbani kwake, kwa hiyo Tirza alimwendea miaka miwili, akanakili kwa mkono, neno kwa neno. Bibi alipokufa, wanawe wakalizika daftari pamoja naye. Duniani zikabaki karatasi thelathini na moja za Tirza.

Wiki moja kabla ya Pasaka nilikuwa nasafisha nyumba, nikisaka chembe za mkate, zisizoruhusiwa Pasaka, mpaka nyuma ya makabati. Kwenye rafu ya ukumbini, katikati ya vitabu vya sala vya marehemu mume wangu, nikakuta bahasha imechakaa, ndani karatasi zenye madoa ya chai. Mwandiko ulikuwa mdogo, macho yangu hayakuuweza. Lakini Jina la Mungu nalijua, na lilikuwa limeandikwa kamili, herufi zote nne, ukurasa baada ya ukurasa. Watu wetu hawaliandiki hivyo kwenye barua wala kwenye hesabu za sokoni. Nikajua ni sala kuukuu. Karatasi yenye Jina haitupwi, inazikwa. Nikaibusu ile bahasha, nikaipeleka sinagogi, nikaitumbukiza kwenye sanduku la karatasi zinazosubiri kuzikwa, nikarudi kwenye ndoo yangu moyo mweupe.

Tirza aliniuliza Alhamisi asubuhi.

"Bahasha yangu ya kahawia niliyoiacha rafuni umeiona?"

"Ile ya sala? Nimeipeleka sinagogi tangu Jumapili."

"Sala gani, Mama Hatun?"

"Ina Jina, mwanangu. Ningeiacha iliwe na mende?"

Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji. "Bibi aliliandika kamili," alisema polepole, "nami nikaliandika kamili. Msomi habadilishi kitu."

"Na msomi haandiki jina lake juu ya bahasha?"

Nilisema hivyo. Mdomo huu!

Tukamkimbilia Rahamim, mtunza sinagogi. "Hatun, mwaka mzima unanisumbua sanduku limejaa," alisema. "Jumatatu nimelimwaga, magunia tisa, tumeyazika makaburini Givat Shaul. Leo unataka nikurudishie?"

Tukaenda kwa rabi. Alimuuliza Tirza kama anazitaka kwa kusoma au kwa kuuza. Kwa kusoma, akasema. Rabi akaandika ruhusa pale pale, na mchana ule ule tukawa makaburini.

"Nimezika wengi," mchimbaji alisema akishika koleo, "ila kufukua ndiyo mara yangu ya kwanza. Marehemu ni nani?"

"Insha," alisema Tirza.

Bahasha ilikuwa kwenye gunia la saba. Lakini Jumatano ilinyesha ile mvua ya mwisho ya msimu, na shimo lilikuwa bado halijafunikwa saruji. Maji yalipita kwenye magunia kama kwenye chujio. Tirza alifungua karatasi moja, ya pili, ya kumi. Wino ulikuwa umegeuka maji ya buluu. Aliendelea kuzifungua hata pale ambapo hapakuwa na cha kusoma, vidole vyake vimekuwa vya buluu, na mchimbaji akavua kofia.

Tano zilisomeka. Kwa hizo tano aliandika upya, akapeleka insha siku ya mwisho. Barua ya majaji ilikuja kiangazi: hoja ni nzuri, ushahidi hautoshi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaanza kufunga vitabu. Shule moja ya Dimona, kule jangwani, ilikuwa inahitaji mwalimu wa darasa la kwanza.

Siku anaondoka nilimwambia anitukane, nitajisikia nafuu. Hakunitukana. Kwa kuliheshimu Jina sikumwomba radhi, na hata leo siombi. Nilimwomba radhi kwa kutomuuliza.

"Kuuliza kungekuchukua muda gani, Mama Hatun?" alisema.

Teksi ikapiga honi. Nikambebea sanduku zito la vitabu mpaka barabarani.