Mbuzi wa kuniaga alishaliwa, mimi bado nipo

Jamani, leo shangazi kanifuma nyumbani. Na mbuzi wa kuniaga alimtoa yeye!

Kwa msiojua: nilipata kazi kwenye kampuni moja ya Ujerumani. Dua ikasomwa, pilau tukala, mama akalia. Kisha kibali cha kufanya kazi kule kikachelewa, na hadi leo nakisubiri. Kampuni ikasema nianze tu kwa kompyuta, nikiwa hapa hapa Morogoro.

Aibu ikanishika. Nikawa sitoki nje mchana.

Sasa leo niko kwenye kikao na bosi, shati juu, msuli chini. Mlango ukafunguka. Shangazi katoka Matombo na ndizi zake, kaja kumliwaza mama "aliyeachwa peke yake".

"Wewe! Si tulishakuaga?"

Hebu niambieni, ningejificha wapi?

Bosi anatuona wote wawili kwenye skrini. Nikamwambia shangazi kwa unyonge kwamba yule ndiye mwajiri wangu, na kazi naifanyia hapa mpaka kibali kitoke.

Shangazi akamtazama. Bosi akapunga mkono. Shangazi naye akapunga, akatoka taratibu, akarudishia mlango.

Nikajua nimekwisha. Habari itafika Matombo kabla yake.

Mara jirani akapiga hodi sebuleni. "Mbona nasikia sauti ya kijana? Kakosa safari?"

Nikamsikia shangazi akijibu, katulia kabisa:

"Yuko Ujerumani. Anarudi jioni."